Wachukuzi Waliponiita Msibani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo naikumbuka kwa aibu. Ilikuwa mchana wa kiangazi, Tabora, katika yadi ya mizigo ya reli. Wachukuzi walikuwa wameketi juu ya turubai, kimya, kama watu waliofiwa. Katikati yao palikuwa na kitu kirefu kama mtu, kimeviringishwa kwa magunia na kufungwa kwa kamba. Mmoja wao, kijana mcheshi aitwaye Shija, alinijia akanishika mkono.

"Mtani, tumefiwa," alisema. "Njoo ufanye kazi yako."

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya habari uliyonipa juzi. Ulisema kwamba kule bandarini mnafunga mitambo ya kushusha makontena, itakayoendeshwa na watu wachache walioketi mbele ya vioo vya kompyuta, na kwamba wewe ndiye uliyepewa kazi ya kupanga nani abaki na nani aondoke. Ukasema wenyewe hawajaambiwa. Ukasema unasubiri wakati mzuri. Hapo nilinyamaza, nawe ukadhani sikusikia vizuri. Nilisikia. Leo ndiyo nakujibu.

Wakati ule nilikuwa nimetoka tu chuo kikuu, kijana wa Kizaramo kutoka Kisarawe, sijawahi kuishi mbali na pwani. Nchi ilikuwa changa, sote tukiitana ndugu, na msomi alipelekwa alikohitajika bila kuulizwa anapenda wapi. Mimi nilipelekwa Tabora, ofisa wa wafanyakazi katika yadi ya reli. Nilikuwa mtu wa kufikiri mno. Mkubwa wangu akiitikia salamu kwa sauti ya chini, nilishinda kutwa nikijiuliza nimemkosea nini. Barua fupi tu niliiandika na kuichana mpaka kapu la taka linajaa. Nakwambia haya kwa sababu nakuona, mwanangu, na naona umerithi.

Pale Tabora reli inagawanyika, njia moja kwenda Kigoma na nyingine kwenda Mwanza. Mizigo ilihamishwa kutoka behewa hili kwenda lile kwa vichwa na mabega ya watu. Wengi wa wachukuzi walikuwa Wanyamwezi, na babu zao ndio waliobeba mizigo kwa miguu mpaka pwani kabla reli haijajengwa. Hawakuiona kazi ile kuwa ya kudhalilisha. Walijivunia. Kila mmoja alikuwa na kata yake, ile duara ya kitambaa inayokaa kichwani chini ya mzigo, na hukuthubutu kugusa ya mwenzako.

Ndipo makontena yalipoanza kufika. Sanduku la chuma, limefungwa huko huko litokako, halina kitu cha kubebwa na mtu. Mkuu wa yadi aliniita ofisini akafunga mlango.

"Ndugu, tunaletewa winchi," alisema. "Ikisimama, watu wa kubeba hatuwahitaji, ila wachache tu. Wewe ndiye utakayewachagua. Lakini usifungue mdomo. Wakijua sasa wataondoka, na mabehewa haya nani atayapakua mpaka winchi iwe tayari?"

Nilitii. Kisha nikajitafutia sababu nzuri ya kutii: kwamba nawahurumia, kwamba habari mbaya haifai kutolewa ovyo, kwamba nikipata maneno yaliyo laini nitawaambia. Usiku nilikuwa nikiyapanga maneno hayo kichwani, asubuhi nikayaona hayafai. Miezi ikapita namna hiyo.

Na katika miezi hiyo walinipenda, hilo ndilo gumu kulisema. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Utani huo ulizaliwa kwenye njia ya misafara: babu zao walipofika pwani wamechoka, babu zetu waliwapokea, wakauziana, wakagombana, wakauguzana na kuzikana. Kwa hiyo mimi, mgeni nisiye na ndugu Tabora, nilikuwa na ndugu yadi nzima.

"Mzaramo, umekula leo?" Shija alikuwa akiniuliza kila asubuhi. "Au umesikia ngoma inapigwa ukaacha chungu jikoni?"

"Afadhali mimi," nami humjibu. "Kwenu Mnyamwezi hata akienda kuoga lazima abebe kitu kichwani. Asipobeba, shingo inamuuma."

Walicheka, nami nikacheka. Mafundi wakachimba msingi katikati ya yadi, wakamwaga zege. Shija akauliza, "Mtani, mnamjengea nani kaburi hapo?" Nilicheka kwa nguvu kuliko siku zote, nikapita.

Sasa rudi nami kwenye turubai lile. Niliuliza ndani ya magunia mna nini. Shija akasema mna kata zao, zote. Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri yote kwa pamoja. Huu ni uchawi, wamenifungia kitu. Huu ni mgomo, na mkuu atasema mimi ndiye niliyeuchochea. Hapana, ni mzaha tu, na nikiuchukulia kwa uzito watanidharau. Nikasema nimeacha kazi ofisini, nikageuka, nikaondoka kwa hatua za mtu anayejizuia asikimbie.

Karibu na tangi la maji nilisikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Mzee Mihambo, mnyapara wao, yaani kiongozi wa kikosi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi, sauti yake ya chini hata akiwa na hasira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Ofisini, mzee. Kuna kazi nimeiacha."

"Mtani anaacha msiba?"

"Lakini mzee, hakuna aliyekufa."

"Basi ungecheka. Mbona umekimbia?"

Aliegemea tangi, akavuta pumzi.

"Zege tumeliona," alisema. "Vyuma vyenyewe tumevishusha sisi, kwa mabega haya. Ulidhani hatujui tunashusha nini? Hatukuulizi kama winchi inakuja. Tunakuuliza sisi tunakwenda wapi."

"Nimekatazwa kusema, mzee."

"Najua umekatazwa. Ndiyo maana hatukuja ofisini kwako. Tumekuita msibani, mahali ambapo mtani anasema lolote na aliyefiwa hana ruhusa ya kukasirika. Tumekutafutia mlango, kijana. Wewe umeuona ukakimbia."

Nilimwambia nilikuwa nawahurumia. Nilimwambia natafuta maneno yasiyoumiza. Nilisema mengi, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia mdogo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Goweko nina ndugu," alisema. "Kijiji chao kinapokea watu, kinagawa mashamba. Lakini wanalima tumbaku, na tumbaku huanzia kitaluni kabla mvua haijaja. Anayejua leo, anakwenda kuandaa kitalu. Anayejua mvua zikishanyesha, mwaka mzima umempotea, na ana watoto. Sasa niambie, hiyo huruma yako inamlisha nani?"

Nikainamisha kichwa.

"Wewe unajihurumia mwenyewe," akaendelea. "Hutaki kuziona nyuso zao. Hilo nalo ni jambo la kibinadamu, sikulaumu sana. Ila usiliite kwa jina la kuwahurumia sisi."

Mwanangu, nimesomeshwa na watu wengi, na wengi wao nimesahau walichonifundisha. Maneno yale ya kando ya tangi sijayasahau.

Nilirudi. Nilivua viatu, nikapanda juu ya turubai, nikalala kando ya lile furushi kama mtani anavyolala kaburini kuzuia maiti asizikwe.

"Hazikwi mtu hapa!" nikapiga kelele. "Marehemu huyu amewavunja shingo babu zenu, amewapinda miguu baba zenu, hajamwezekea hata mmoja wenu nyumba ya bati, na bado mnamlilia? Wanyamwezi hamna akili nyie!"

Kicheko kililipuka. Shija alishika tumbo. Mtu mmoja akajibu, "Mtoeni huyo Mzaramo, anataka ubwabwa wa msiba!" Nao wakacheka tena. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, na wote wakawa wananitazama.

"Sasa tuambie, mtani," Mzee Mihambo alisema. "Marehemu amekufa kweli, au amezimia?"

Niliketi kitako. "Amekufa," nikasema. "Winchi itasimama kabla mvua za mwaka huu hazijakatika. Watakaobaki ni wachache sana, hata vidole vya mikono yangu ni vingi kuwahesabu. Nani na nani, bado. Mwenye mahali pa kwenda asingoje kusikia jina lake."

Mzee mmoja alivua kofia akaitazama ndani yake kama aliyepoteza kitu humo.

"Na mimi, mtani?" Shija aliuliza.

"Sijui, Shija."

"Hujui, au huwezi kusema?"

"Sijui. Haki ya Mungu."

Akalifungua furushi, akaitafuta kata yake, akaipangusa, akaenda kwenye behewa. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Mizigo ya siku ile ilikuwa bado ipo. Waliimaliza yote, ila jioni ile hakuna aliyeimba.

Mkuu alipopata habari alinifokea mbele ya makarani, na kwa muda mrefu jina langu halikutajwa palipotajwa majina mazuri. Lakini alichokiogopa hakikutokea. Mzee Mihambo aliwagawa kwa zamu: hawa wanakwenda Goweko kufyeka na kuandaa vitalu, hawa wanabaki kupakua, kisha wanabadilishana. Yadi haikusimama hata siku moja. Nilikwenda kuwatembelea huko mvua zilipoanza. Mzee alinitembeza shambani kwake, akiwa na jembe begani, akinieleza habari za miche yake kana kwamba hajawahi kufanya kazi nyingine maishani.

Na winchi ilifanya kazi vizuri. Sitakudanganya kuwa iliharibika na watu wakarudishwa. Iliinua kwa dakika chache kile ambacho kikosi kizima kingebeba kutwa nzima, na hakuna tena aliyevunjika mgongo pale yadini. Siipingi winchi, wala siipingi mitambo yenu.

Ila Shija hakwenda Goweko. Alibaki akisubiri. Siku ya kuchagua ilipofika nilichagua kwa haki, wale waliojua kusoma namba na wenye miaka mingi kazini, na jina lake halikuwamo. Nilimfuata stesheni alipokuwa akiondoka kwenda kutafuta kibarua Mwanza, na wakati wa kupanda ulikuwa umepita zamani.

"Kwa nini hukwenda na wenzako?" nilimuuliza. "Si niliwaambia?"

"Uliniambia siku moja," alisema. "Kabla ya hapo ulicheka nami miezi. Nilidhani mtani hawezi kuniacha."

Alinipa mkono akapanda garimoshi. Nilisimama pale nikingoja anitukane, aseme chochote kuhusu Wazaramo na ngoma zao. Hakunitania. Mwanangu, tusi lolote kinywani mwake ningelipokea kwa furaha siku ile.

Basi nasaha yangu ni hii. Nenda ukawaambie, na uende wewe mwenyewe, usitume tangazo la kubandika ukutani. Wakati mzuri unaousubiri haupo. Upo wakati ambao mtu bado anaweza kufanya kitu, na wakati ambao hawezi tena. Kila mmoja wa watu hao ana kitalu chake. Pengine ni ada ya mtoto, pengine ni kiwanja, pengine ni kazi nyingine ambayo leo ipo na kesho ina mtu. Wewe huvijui vitalu vyao, ndiyo maana huna haki ya kuwachagulia siku ya kujua. Waeleze unachokijua, na usichokijua useme hukijui. Wakikasirika, kaa hapo hapo, usitafute kazi ya ofisini. Na usimwachie mtu tumaini kwa kumchekea tu, maana kicheko chako yeye anakisikia kama ahadi. Kama unapenda kufikiri mno, fikiri baada ya kusema, utakuwa na usiku mwingi wa kufanya hivyo.

Mungu akupe kifua cha kusimama mbele yao na macho ya kuwatazama usoni. Awafungulie riziki huko watakakoelekea, na wakikutana nawe njiani miaka ijayo, wakuite kwa jina na wakutanie.

Mimi baba yako nimekuridhia. Nenda.