Niliipakia Nyumba Kwenye Lori, Nikamfungisha Shemeji

Nilikosa. Sitafuti pa kujificha. Jina langu liacheni, lakini kosa langu lisomeni mpaka mwisho.

Mimi ni Muha wa Kibondo. Shule sikukaa, kusoma nimejifunza juzi juzi, kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini msinidharau! Nilikwenda manamba Tanga, mkonge ukanichoma, nikarudi na ufundi unaowashinda hao wenye viatu. Nilijenga nyumba ya mbao ambayo mfano wake kwetu hakuna aliyewahi kuuona: kuta zake vipande vipande, vimekazwa kwa nati na bolti. Unaifungua kwa spana, unahama nayo. Watu walitoka Murungu kuja kuitazama tu!

Ikaja amri ya kuhamia vijijini. Wenzangu waliziacha nyumba zao za udongo wakilia. Mimi nikacheka moyoni. Yangu nahama nayo!

Kumbe! Katibu Kata, kijana wa kutoka mkoa wa mbali, akaniambia: "Mzee, mbao na mabati havipiti barabarani bila kibali. Kwanza balozi wako ashuhudie kwamba nyumba ni yako, na mbao hukuzikata kwenye msitu wa serikali. Ndipo tukupe kibali na kiwanja."

"Nyumba yangu mwenyewe, nishuhudiwe?"

"Ndio utaratibu, mzee wangu."

Balozi wetu wa nyumba kumi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Pale pale nikaingiwa na wasiwasi. Kwa nini lazima yeye? Wamepanga nini hawa wawili?

Kesho yake namkuta shemeji nyuma ya nyumba, anapima ukuta kwa kamba!

"Unapima kaburi la nani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Shemeji nawe! Katibu anataka ukubwa wake, akukatie kiwanja kinachotosha. Au unataka miguu yako ilale barabarani?"

Mimi sikucheka. Nilishaamua kwamba wanaitaka nyumba yangu iwe ofisi yao.

Jioni akaja na kibuyu cha pombe ya ndizi. Sasa, kwetu aliyeleta pombe huonja kwanza mbele yako, ujue hamna kitu ndani. Yeye hakuonja! Alitia mrija, akanisogezea, akakaa.

"Onja," nikasema.

"Shemeji, unajua nimeokoka, pombe nimeacha. Hii ni heshima yako. Kunywa, kesho twende kwa Katibu ukaweke dole. Kibali kiko tayari."

Pombe haijaonjwa, na dole nikaliweke kwenye karatasi nisiyoweza kuisoma! Nikaimwaga yote chini, mbele yake.

Mke wangu akashika kichwa. "Jamani, huyo si kaka yangu?"

"Ndiyo maana anajua pa kunimalizia!"

Shemeji akaokota kibuyu chake, akaenda zake.

Basi nikaifungua nyumba ukuta kwa ukuta, nikakodi lori, niipeleke Kasulu kwa mdogo wangu. Kibali sikukifuata. Nikajiona mjanja!

Kwenye kizuizi Bwana Misitu akatusimamisha. "Mzee, kibali kiko wapi? Mbao hizi za msitu gani?" Mgambo wakalizunguka lori.

Ningesema nimekosea, nirudisheni kwa Katibu, yangeisha. Nikasema: "Balozi wangu ndiye aliyeniruhusu. Alitaka nimpe mabati, nipite bila kibali."

Uongo mtupu! Uongo wa mzee mwenye mvi!

Nyumba wakaizuia pale kizuizini, mimi wakaniachia nirudi. Walimfuata shemeji shambani, wakamchukua na matope yake miguuni, wakamweka ndani. Mke wangu alimpelekea ugali, akarudi na neno lake: "Mwambie shemeji sina kinyongo. Aseme kweli tu, nirudi kwa wanangu."

Nikamwambia mke wangu, huo ni mtego, anataka nifungwe mimi.

Katibu naye akaja. "Mzee, kibali chako kilikuwa mezani kwangu. Angekuomba hongo ya nini? Niangalie usoni: ni kweli aliyataka mabati?"

Nikamwangalia usoni. Nikasema, kweli.

Eh, Mungu wangu!

Shemeji alifungwa, na alipotoka jela maharage yake yalishaozea shambani. Ubalozi walishampa mtu mwingine. Watoto wake walikuwa wanakula kwa majirani. Na mimi? Mimi, kwa uongo ule, nilirudishiwa nyumba yangu! Imesimama kijijini, hakuna inayoifikia. Mke wangu alikataa kuingia. Yuko kwa kaka yake, wanalima pamoja. Nalala peke yangu, na mlango nakagua mara mbili mbili.

Wasomaji, leo ndiyo mara ya kwanza naisema kweli hii, na nimeisema kwenu kwa sababu mlangoni kwa shemeji naogopa kufika. Ninyi mnaohangaikia vibali vya kujenga na kuhama, akitokea mtu wa kuwasaidia, muulizeni, mbishieni, hata mgombane naye. Lakini msimzulie jambo! Na ukishamzulia, kalifute siku hiyo hiyo, kabla hujalizoea.

Kwa maana mimi nimeshazoea. Juzi shemeji amenitumia salamu: anataka kuja kunisaidia kukaza paa kabla ya mvua. Baada ya yote niliyomtenda! Na neno la kwanza lililonijia moyoni, Mungu anisamehe, lilikuwa: huyu anatafuta nini?

Ndugu zangu, msifike huku nilikofika.