Kizingiti Nilichomjengea Mama

Baba alifariki wakati wa kiangazi. Nilirudi Unguja kumzika nikiwa na begi moja, na moyoni nilishapanga kwamba arobaini ikipita nnaondoka. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali zaidi ya miaka miwili. Nimekaa Tanga, nimekaa Mtwara na Lamu, nimeuza mitumba, nimepaka rangi majumba ya watu. Kote huko nilikuwa nikiikumbuka nyumba yetu ya bondeni, mbele kidogo ya Kiembe Samaki, kama nilivyoiacha: mpunga unafika karibu na mlango, vyura wanalia, mvua ikinyesha maji yanapita zake.

Mpunga sikuukuta. Bonde lote limejengwa, ukuta umegusana na ukuta, na maji hayana tena pa kupita. Mama akaniambia kwamba mwaka uliopita yalifika hadi barazani, yakakaa siku mbili.

Mama alikuwa kwenye eda. Mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye jamaa wa karibu, hamuoni. Wako wanaoishika eda kwa wepesi, wakatoka kwenda hospitali au dukani. Mama hakutaka hata kusogea mlangoni. Akiitwa na mtu wa nje, alijibu "naam" akiwa nyuma ya pazia.

Arobaini ikapita, na redio ikaanza kutaja mvua kubwa. Nikasema nisiondoke kabla sijafanya jambo. Nikanunua saruji na matofali, nikajenga kizingiti mlango wa mbele, kimo cha goti, nikakipiga lipu vizuri. Jirani yetu, shoga yake mama wa miaka mingi, akaja kukitazama.

"Mwanangu, umemjengea mama yako birika la kuwekea maji?"

"Ni cha kuzuia maji, shikamoo."

"Marahaba. Ya nje yatazuilika. Ya ndani je?"

Nikacheka. Niliona ni maneno ya mtu mzima asiyejua ujenzi.

Wiki iliyofuata sheha, mkuu wa mtaa wetu, akapita nyumba kwa nyumba, miguu imejaa tope. Alitutaka sote wa bondeni tuhame siku tatu nne, twende kwa jamaa walio juu. Sisi tulikuwa na pa kwenda: mama mdogo anakaa Chukwani, na alishatandika kitanda. Mama akamjibu sheha kupitia pazia.

"Ahsante, bwana sheha. Mimi nipo edani."

"Hii ni dharura, bi mkubwa. Dini imeruhusu."

"Tangu lini umekuwa mufti?"

Sheha akanitazama mimi. Nami nikamwonesha kizingiti. Nikamwambia vyeti vyote na vitambulisho nimevitia kwenye mfuko wa plastiki, dawa za presha ziko juu ya kabati, mchele umeinuliwa, friji nimelichomoa. Akasema, "Umejitahidi," akaenda zake. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusimama upande wake. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuondoka, na nilitaka kile kizingiti kiwe kimemaliza kazi yangu.

Siku ya tatu ya mvua, asubuhi baada ya chai, maji yalikuja. Mbele hayakuingia. Yalipandia tundu la chooni, yakaja na uani, yakapita chini ya mlango wa nyuma nilioubana kwa magunia, yakajaa ukumbini. Yalipofika mlango wa mbele yakakuta kizingiti, yakasimama. Nilichota kwa ndoo hadi mikono ikafa ganzi. Yakafika magotini, yakakipita kizingiti chenyewe, yakaungana na ya nje.

Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu ameikunja, tasbihi mkononi.

"Twende, mama."

"Nimebakisha siku hamsini na tatu."

"Maji yanafika kitandani!"

"Nayaona. Nenda wewe, umezoea kwenda."

Nikampigia kelele. Nilimuuliza kama anataka kumfuata marehemu, neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Alivuta uradi.

Tukasikia sauti nje. Yule jirani alikuwa anakuja na wanawake wengine watatu, maji yako mapajani, wamebeba shuka vichwani.

"Shoga, eda imesema ukae ndani ya nyumba. Haikusema ukae ndani ya maji."

"Na hizo shuka? Mnakuja kunizika?"

"Tunakuzungushia, wanaume wasikuone. Kuzikwa ngoja mvua ikatike, sasa hivi hata kaburi litakuwa kisima."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nirudi. Akateremsha miguu. Wakamzunguka kwa shuka pande zote nne, na mimi nikatangulia na mfuko wa vyeti. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, maji meusi, hakuna anayeona chini. Sikukumbuka kuwaambia. Mguu wa mama ukagonga kizingiti, akaanguka na ubavu juu yake, na shuka zote zikaanguka naye.

Wanaume waliokuwa nje wakihamisha watu ndio waliombeba. Waliivunja safu ya wanawake, wakamnyanyua, mtandio umemtoka, akafumba macho njia nzima mpaka barabarani. Nyonga ilivunjika. Siku zake zilizobaki alizimaliza hospitali na Chukwani, akishikwa na madaktari asiowajua, na kila mmoja alipoingia, mama alijivutia shuka usoni.

Nyumba ilipokauka nilikivunja kizingiti kwa nyundo. Mama hajawahi kukitaja. Baada ya eda alitaka kurudi kwake, na tumerudi, kwa kuwa kwa mdogo wake alijiona mgeni. Anatembea kwa fremu ya kujishikia, kutoka kitandani mpaka ukumbini, anapumzika, kisha anarudi.

Masika mengine yamekaribia. Begi langu lipo nyuma ya mlango wa chumba, na rafiki wa Lamu amenipigia mara mbili kuhusu kazi. Juzi mama alinisikia nikiongea naye.

"Nenda," akasema. "Mvua ikija wanawake watanitoa. Safari hii sitabishana."

Nikatoka nikapita mtaani, nikabisha hodi moja moja. Mmoja wa wale wanne amehamia Amani kwa mwanawe. Mwingine naye ameshahama bondeni, wa tatu amelala na kiharusi. Yule jirani alinifungulia kwa taabu, mkono ameshika kiuno, akaniuliza nnaondoka lini.

Nikamwambia siondoki.

"Useme kweli," akasema, "maana mimi peke yangu simuwezi."