Taa Iliyopimwa kwa Miguu ya Mama

Msinishangae nikiongea kwa ukali. Huyu ninayemsema ni binti wa dada yangu, mimi ni mama yake mdogo, nina haki. Tangu aingie chuo kikuu kusomea uhandisi wa barabara, mtaa mzima ulimwita Injinia. Mama yake, mwenye nyonga mbovu, ndiye aliyelipenda jina hilo kuliko wote. Ukimuuliza hali, anakujibu, "Mama Injinia hajambo."

Mnaodhani mtu anatoka chuoni anaanza kujenga madaraja, poleni. Injinia alizunguka na barua zake ofisi hadi ofisi mpaka soli zikalala upande. Alipopata pa kujifunzia kazi, walimpa kiti cha plastiki akakae njia panda ahesabu magari. Jua lake, vumbi lake. Ndivyo wanavyoanza wote. Na wanagenzi walikuwa wawili, nafasi ya kuajiriwa moja.

Mwisho akakabidhiwa taa mpya za barabarani, pale mbele ya zahanati. Kazi yake ilikuwa kupanga taa ya wavukaji ikae kijani kwa muda gani. Hapa nitamsifu, maana mwanzo alifanya vizuri. Alikuja nyumbani, akachora uani mistari miwili ya mkaa, umbali sawa na upana wa barabara, akamwambia mama yake, "Tembea kama kawaida yako, mama. Usijikaze." Mwenyewe kashika simu, anapima. Dada akatembea huku anacheka, mkono kiunoni. Baada ya hapo hatukuwa na habari nyingine mtaani ila hiyo, kwamba taa ya mjini imepimwa kwa miguu yake.

Mkuu wa ofisi alipouona muda ule alicheka. "Hii ni taa ya watu au ya kobe? Magari yatapangana mpaka wapi?"

Yule mwanagenzi mwenzake akasema pale ni zahanati, wanaovuka ni wagonjwa. Akaambiwa asirudi kesho. Injinia akayaona hayo. Akavaa raba, akaivuka barabara mwenyewe, msichana asiyeumwa hata kidole, akaandika muda huo. Mkuu akamwambia sasa ndiyo anaanza kuwa mhandisi. Nyumbani hakutuambia kwamba muda umebadilishwa; haya nilikuja kuyajua baadaye kwa yule mwenzake.

Siku ya kuwashwa taa, dada alivaa gauni lake la kuendea harusi za watu. Nikataka kumshika mkono, akakataa. "Niache bwana. Wamenipimia mimi."

Basi nikatangulia kuvuka, nikasimama ng'ambo, nyuma kidogo ya Mkuu na Injinia wetu. Kijani kikawaka. Dada akashuka barabarani taratibu na fimbo yake, haangalii kushoto wala kulia, kama mtu anayeingia kwake. Hajafika katikati, nyekundu. Honi zikaanza huku na huku. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani, "We bibi, kafie kwenu." Dada akataka kurudi, akataka kwenda, fimbo ikamtoka mkononi. Akaita, "Mwanangu, mbona imezima?"

Mkuu akageuka. "Huyo bibi unamfahamu?"

"Hapana, Mkuu," akasema.

Nimesikia kwa masikio haya haya. Niliingia mwenyewe katikati ya magari, nikamtoa dada yangu. Tulipompita Injinia, alikuwa ameinamia simu yake. Ningeweza kumzaba kibao pale pale, na mpaka leo mkono unaniwasha.

Kazi alipata. Siku hizi anapita njia ile ndani ya gari la ofisi, vioo vimepandishwa. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa mzazi nani anaujua, mimi sijaambiwa. Mara ngapi nimekwenda kwa dada nimwambie yote, ulimi unagoma.

Na zahanati haendi tena. Asubuhi namkuta uani, kaichora upya ile mistari ya mkaa, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, jasho linamchuruzika.

"Kaa chini, dada," namwambia. "Utaanguka."

"Kosa ni langu," ananijibu, bila kusimama. "Siku ile ananipima nilifurahi, nikaenda mbio. Nimemharibia mtoto kazi yake."