Mlinzi wa Kiwanja cha Ndege

Mlinzi wa kiwanja cha nyasi pale Tarime alifukuza ng'ombe kwa fimbo, na hofu za abiria kwa maneno. "Musoma? Injika ugali. Kabla haujaiva wameshatua," alisema kila mara, kama mtu apandaye ndege kila siku.

Siku ndege ilipokuja kumchukua mke wa mwanawe, uchungu wa uzazi umemzidi, rubani alimwita: "Ndugu mlinzi, panda umshike mgonjwa." Mlinzi akaukumbatia mlingoti wa bendera. "Ni mkwe wangu. Mila hairuhusu nimguse." Mila ilikuwepo kweli, ila mlingoti hakuuachia. Bibi Waisiko, mkunga asiyewahi kupanda hata lori, akakaza kanga kiunoni, akapanda. Nyumbani mke wa mlinzi aliinjika ugali. Ulipoiva, mlinzi hakuthubutu kunawa kabla ya kusikia kuwa wametua.