Kichwa cha Zita na Pombe ya Anastazi

Hapa Nyakanazi kila mtu ni daktari. Zita, mjane anayewapikia madereva wa malori, alipoanza kuumwa kichwa na kuona giza, duka la dawa la kwanza lilimpa dawa za malaria. La pili likasema taifodi. La tatu, lililojiona limesoma zaidi, likasema taifodi na UTI. Dereva mmoja kutoka Burundi akamletea mizizi ya kuchemsha. Zita alimeza vyote, na macho yakazidi kufifia hadi akawa anamimina mchuzi nje ya sahani.

Mwishowe dada yake, Agness, akampeleka Mwanza. Picha ya kichwa ikaonyesha kifuko cha maji ndani ya ubongo.

"Si saratani, mama," daktari alimwambia. "Ni ugonjwa wa nadra, lakini unatibika. Tunatoboa tundu dogo, tunakitoa. Tukichelewa, macho hayarudi."

Zita akakubali. Agness akampigia simu Anastazi, shemeji yake Zita na mkubwa wa ukoo. Ukoo ukakutana, na katika maelezo yote ya daktari ukashika neno moja tu: kutoboa.

"Kichwa si dumu," Anastazi akasema. "Akishatobolewa, harudi. Tusije tukaaibika."

Kwetu msiba uliokosa pombe ya ndizi husemwa hadi kwa wajukuu, na pombe hiyo haiivi kwa siku moja. Basi kabla Zita hajaingia chumba cha upasuaji, ndizi zilikuwa zimeshavundikwa shimoni. Watu waliokosa nauli ya kwenda kumjulia hali wakapata nguvu za kukamua. Turubai likafungwa. Shangazi mmoja akawa anajaribu kilio, aone kama sauti bado ipo. Hasira hunipanda hata ninapoyaandika haya.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Zita alishuka kwenye basi na kilemba kichwani, akisoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, hadi bei za matairi. Nyumbani akaukuta ukoo umelewa.

"Mulamu!" Anastazi akainuka, kibuyu mkononi. "Umepona, shemeji yangu? Basi hii... hii ni pombe ya shukrani!"

Zita alishapita kwenda nyuma ya nyumba kulitazama shamba lake, ambalo mwaka mzima aliliona kama moshi. Sasa aliona mgomba mmoja mmoja, hadi ule wa mwisho mpakani. Akacheka kwa furaha. Kisha akaona kwamba hakuna mkungu hata mmoja uliobaki.