Zamu ya Maji Siku ya Kura

Nimefundisha mtaani Bulla Pesa miaka mingi, lakini siku za uchaguzi tume hunipa kazi ya kibarua ya kusimamia kituo. Mara ya mwisho nilipelekwa upande wa Sericho, kwenye shule ya msingi iliyo hatua chache tu kutoka kisimani.

Asubuhi kila mtu alijua mpaka wake. Tume, yaani mimi na makarani wangu, tulikuwa na karatasi, wino na masanduku. Polisi alilinda mlango. Mwalimu mkuu alitoa madarasa, na chifu alikuwa ametangaza siku ile msikiti kwa msikiti. Nilifurahi kuona mambo yamegawanywa vizuri hivyo.

Hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa pia siku ya ngamia kunywa.

Kabla ya adhuhuri, mama mmoja aliyekuwa katikati ya foleni alianza kutazama kisimani kila mara. Zamu yake ilikuwa inakaribia. Ngamia wake walikuwa wametembea siku kadhaa bila maji, na akikosa zamu angengoja hadi kesho. Akiacha foleni, kunywesha kungemchukua hadi jioni, na mlango wangu ungekuwa umefungwa.

“Mwalimu, niambie,” aliniita nilipotoka kukagua foleni. “Niache kura au niache ngamia?”

Nilimtazama chifu.

“Maji ni ya kaunti,” alisema chifu. “Mimi ni wa serikali kuu.”

“Mimi nimetoa madawati,” mwalimu mkuu aliwahi kabla sijamgeukia.

Polisi alicheka. “Mama, mimi hata nikitaka kwenda haja lazima niombe ruhusa. Nitahamisha zamu ya kisima?”

Foleni nzima ikaangua kicheko, ila yule mama.

“Ngamia wangu hawajui serikali kuu,” alisema. “Mwiteni aba herega.”

Aba herega ndiye msimamizi wa zamu za maji. Pale kisimani hata diwani hunywesha anapoambiwa na yeye. Alikuja akiwa amelowa hadi magotini, fimbo begani, mwenye haraka.

“Salaam aleikum. Nani ananitoa kazini?”

Nilimweleza. Alisikiliza, kisha akaniuliza, “Waliokwisha kupiga kura wana alama?”

“Wana wino kidoleni.”

“Basi nimepata.” Akageukia kisimani na kupaza sauti kwa Kiborana, kisha akanirudia kwa Kiswahili: wenye wino wangenywesha sasa, wasio na wino wangekaa foleni, na zamu zao zingewangoja.

“Na mtu asiyetaka kupiga kura kabisa?” nikauliza, maana hilo lilikuwa upande wangu.

“Huyo zamu yake iko palepale. Mimi sipangi kura, Mwalimu. Napanga kiu.”

Chifu alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba wazo lilitoka ofisini kwake.

Tuliendelea. Mama alifika mezani, mashine ya kusoma alama za vidole ikakataa kidole chake mara mbili kwa sababu ya sugu za kamba ya kisima, ya tatu ikakubali. Alipiga kura, akachovya kidole katika wino, akatoka akikimbia huku ameinua buibui lake. Kupitia dirisha nilimsikia akiwafokea wanaume wawili kisimani wasogee, zamu ni yake. Walisogea.