Mawe Mekundu ya Nekqadam

Kaka yangu Nekqadam, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mvuje ukiwa bado unavunwa mlimani. Tulimwosha, tukampaka kafuri, lakini mikono yake iliendelea kunuka mvuje hadi tukaifunika kwa sanda. Mullah akasema, "Iacheni. Aliyemuumba anaijua harufu yake."

Huku kwetu milimani Samangani tunaishi kwa utomvu wa mvuje. Mtu huchimba kuzunguka mzizi, huukata kichwa, kisha huujengea kijumba cha mawe ili jua lisikaushe kidonda. Baadaye hurudi kukwangua utomvu na kukata tena, hivyo hivyo mpaka mzizi ufe. Kila mtu ana alama yake, na hakuna anayegusa mawe ya mwenzake. Alama ya kaka ilikuwa jiwe jekundu juu ya mengine.

Ukame ulipozidi, watu walikata hata mizizi michanga, na mimea ya kumwaga mbegu ikatoweka. Ndipo kaka akaichagua mizizi minene ya upande wa juu, akaifunika kama iliyokatwa, na hakuikata. Masika yajayo ingetoa mashina, ichanue, iangushe mbegu, kisha ijifie yenyewe. Alinieleza mimi tu.

"Wakijua haijakatwa, kesho haipo," alisema.

"Na wakisema una tamaa?"

"Waseme. Midomo ni yao."

Walisema kweli. Ijumaa moja, tukitoka msikitini, jirani yetu Khalmurad alimsimamisha. "Nekqadam, mlima wote umeweka mawe mekundu. Sisi tutachimba wapi, makaburini?"

"Lako nitalichimba mwenyewe, bure."

"Mtu ana mawe mengi kuliko mbuzi, na kanzu yake ina viraka mpaka kwapani."

Watu wakacheka, na kaka akacheka nao. Lakini jioni hakugusa mkate. Mkewe Sabzagul akamwuliza, "Baba Zulaikha, huo utomvu unaosemwa unaupeleka wapi? Unga unaisha."

Kaka akanywa chai yake.

Mvua ya baridi ikamkuta mlimani, ikamshika kifua, na hakuinuka tena.

Desturi yetu ni kwamba baada ya hitima ya siku ya tatu, wanaume hupanda kufunua mawe ya marehemu na kumkwangulia mjane utomvu. Khalmurad ndiye aliyetangulia kusimama. "Twendeni tukamchukulie Sabzagul haki yake."

"Hakuna kitu kule," nikamwambia. "Hakuikata. Alikuwa anaitunza itoe mbegu."

Alinitazama kama mtu anayesikia jambo la aibu, kisha akapanda hata hivyo, nasi tukamfuata. Aliliondoa jiwe jekundu la kwanza. Mzizi ulikuwa mzima, mnene kama paja la mtoto. Akafunua wa pili, na wa tatu. Akakaa chini.

"Nilimtukana mbele ya msikiti," akasema. "Na yeye akacheka."

Kisha akanigeukia. "Wewe ni nduguye. Tuirudishie mawe, au tukate?"

Nilifikiria shina refu na maua ya manjano ambayo kaka alitaka kuyaona. Nikafikiria pia pipa la unga, ambalo asubuhi ile Zulaikha alikuwa amelikung'uta kwa mkono.

"Kateni," nikasema.

Walikata wakisoma Bismillahi. Utomvu ukaanza kutoka, mweupe, na harufu yake ikajaa bondeni. Khalmurad mwenyewe alirudisha kila jiwe jekundu mahali pake, kwa uangalifu, kama anayefunika maiti.

Tuliporudi kukwangua, nilimpelekea shemeji yangu mfuko wa ngozi umejaa. Aliufungua, akaunusa, akakaa kizingitini.

"Kumbe alikuwa nao," akasema. "Muda wote nilipomwuliza, alikuwa nao."

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameushika mfuko mapajani. Nilipomaliza alikuwa analia, lakini alinyanyuka, akamwita Zulaikha, akampa mfuko aupeleke kwa mnunuzi kabla hajaondoka kijijini.

Masika yajayo hakuna kitakachochanua upande wa juu. Namwomba Mungu ampokee kaka yangu kwa nia yake, maana kazi yenyewe tumeimaliza sisi.